Mshale Haukutikisika

Kiruna, saa kumi na mbili kasoro, giza lilelile la jana.
Nyuma yangu mabehewa sitini na nane ya mawe ya chuma,
tani elfu nane na ushei, hayana haraka.
Nikifungua injini, magurudumu huisukuma ardhi kwenda mashariki,
nayo ardhi, isiyopenda dhuluma,
hunisukuma magharibi kwa kiasi kilekile.
Huo ndio mkopo.
Mwendo wote nilio nao nimeuazima chini ya magurudumu.

Bi. Gunvor, aliyetufundisha fizikia Narvik,
aliandika ubaoni *tungamo mara kasi*
akapiga mstari chini yake, mara mbili, chaki ikakatika.
"Zao hili halibadiliki kwa vurugu za ndani.
Gombaneni humo ndani mtakavyo, jumla ni sifuri.
Mpaka aje wa nje."
Tulicheka. Tulidhani anausema ukoo wake.

Karibu na Abisko taa yangu iliwakuta:
kulungu wa baridi, kumi na wawili,
wakitembea katikati ya reli kama wenye njia.
Na kwa nini wasitembee?
Kwingine kote theluji ilikuwa ya kifuani,
hapa tumeifyeka sisi.

Nilifunga breki. Nikapiga honi.
Kisha nikafanya jambo la kijinga:
nikabandika viganja viwili kwenye kioo cha mbele,
nikakaza magoti, nikasukuma,
kana kwamba nazuia mlango usifunguke.
Nilichokipa kioo, sakafu ilinidai nyayoni.
Jumla sifuri, Bi. Gunvor.
Hata yowe langu lilikuwa abiria.

Breki haikati mwendo, huutafuna.
Chuma juu ya chuma, cheche, harufu ya kuungua,
kani ndogo kwa muda mrefu,
na muda ndio niliokosa.
Nilihitaji zaidi ya kilomita.
Nilikuwa na mita mia mbili.

Wanane waliruka kando.

Nikautazama mshale wa kasi.
Haukutikisika.
Kilo mia moja dhidi ya kilo milioni nane, piga hesabu mwenyewe.
Kwa treni, pale hapakutokea kitu.
Lakini kile kipande cha mwendo nilichopoteza,
kidogo hata chombo hakikioni,
kiliwafikia wao wanne, kikawatosha,
kikawarusha mpaka kwenye miti ya mibetula.

Tuliposimama, ukimya ulikuwa na uzito.
Alikuja mtu kwa pikipiki ya theluji, Niillas, mwenye kundi.
Hakunisalimu. Alipiga magoti kwa kila mmoja,
akakata masikio yenye alama ya familia yake,
maana bila masikio hakuna fidia,
akayatia katika mfuko wa plastiki wa duka la mikate.
Kisha akauliza, "Ulifunga breki wapi?"
Nikaonyesha nyuma, kule kwenye nguzo yenye namba.
Aliitazama nguzo kwa muda mrefu.
"Basi uliwaona mapema," akasema,
akanishika kiwiko, kwa glavu yenye damu,
na miguu yangu, iliyokuwa ikitetemeka peke yake
na kushindwa kujizuia peke yake,
ikatulia.

Narvik nililipa deni lote.
Kila nilipofunga breki kwenye mteremko
niliirudishia ardhi mwendo wake, senti kwa senti,
na ardhi ikaupokea bila kusogea,
au ilisogea, kidogo mno, na nani atapima?
Bandarini mawe yakamwagika. Treni ikawa nyepesi.

Wakanipa fomu.
*Uharibifu uliotokea*, na mstari mtupu mbele yake.
Nikaandika: hakuna.
Nikakaa na kalamu.
Kalamu ni gramu saba, labda nane,
haina sababu ya kuwa nzito hivyo.
Nikalifuta neno.
Chumbani hapakuwa na mtu mwingine,
na mpaka leo sijui ni nani aliyeusukuma mkono.